Kiwanda Kilichonunuliwa Mara Moja na Kuhesabiwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Ununuzi wa Biashara

Kisa hiki ni cha Kenya. Majina, mji na aina kamili ya bidhaa vimeondolewa, na tarakimu zimebadilishwa kwa uwiano ili wahusika wasitambulike. Mistari midogo ya mizania nimeiunganisha. Kiasi chote ni kwa milioni za shilingi za Kenya.

Usuli

Mnunuzi ni kampuni ya usambazaji wa vyakula na vinywaji yenye makao Nairobi. Ina kampuni tanzu mbili ndogo na mikopo ya benki, na kwa sababu ya mikopo hiyo hutoa hesabu za kundi (za kampuni zote kwa pamoja) kwa viwango kamili vya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya uandaaji wa hesabu. Kampuni tanzu zake zilikuwa zikitumia kile kiwango chepesi cha IFRS cha kampuni ndogo na za kati. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana nusu ya makosa tutakayoyaona yalizaliwa hapo.

Muuzaji ni mzee aliyeanzisha kiwanda cha maji ya chupa miaka mingi iliyopita. Alianza na mitungi ya lita 20 aliyokuwa akipeleka maofisini kwa pikapu moja. Kufikia wakati wa mauzo alikuwa na laini mbili za kujaza chupa, mikataba ya kuuzia hoteli, shule na hospitali, na jina ambalo watu wa eneo lile hulitaja dukani wanapotaka maji. Watoto wake walikuwa na kazi zao na hawakuitaka biashara. Alikubali kuuza asilimia 80 ya hisa, abaki na 20, na aendelee kuwa meneja mkuu kwa miezi 24.

Mimi niliitwa mwezi Februari, baada ya mwaka wa fedha kufungwa Desemba 31, ili kumsaidia meneja wa fedha wa mnunuzi kuandaa hesabu za pamoja kabla wakaguzi hawajafika.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Mkataba ulitiwa saini mwanzoni mwa Aprili. Bei ilifungwa kwa hesabu za kiwanda za Machi 31, na mkataba ukatamka kwamba faida na hasara za kiwanda ni za mnunuzi kuanzia Aprili 1. Hata hivyo, mauzo yalitegemea kibali cha Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Wakati wa kusubiri, mzee aliendelea kuendesha kiwanda na bodi yake ileile. Alikatazwa tu kukopa, kuuza mitambo au kugawa gawio bila idhini ya mnunuzi.

Kibali kilipatikana Juni. Julai 1 fedha zililipwa, hisa zikahamishwa, bodi ya zamani ikajiuzulu na mpya ikakaa.

Malipo yalikuwa hivi: 520 taslimu, 60 baada ya miaka miwili ikiwa mauzo yatafika kiwango fulani, na 90 nyingine baada ya miaka miwili. Mawakili, uhakiki wa awali na ada za kibali viligharimu 21. Kulikuwa pia na kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako waliokuwa vibarua wa kiwanda walidai malipo ya saa za ziada. Mzee aliahidi kwa maandishi kwamba kiwanda kikishindwa kesi hiyo, hasara yote ataifidia yeye.

Rasimu niliyoikuta ilikuwa fupi. Meneja wa fedha alijumlisha 520, 60, 90 na 21 akapata 691. Akachukua mali halisi za kiwanda (mali ukitoa madeni) vitabuni Machi 31, yaani 271, akapiga asilimia 80 yake akapata karibu 217. Tofauti ya 474 akaiita gudwili, yaani ziada ya bei juu ya mali zilizonunuliwa, na kuanza kuigawa kama gharama kwa miaka 10. Faida ya kiwanda aliiingiza kwenye hesabu za kundi tangu Aprili.

Hakuwa mzembe. Toleo la 2015 la kile kiwango chepesi lilimtaka aongeze gharama za ununuzi kwenye bei, aweke malipo ya masharti yakiwa na uwezekano mkubwa wa kulipwa, na agawe gudwili kwa miaka. Alifanya alichokifanya siku zote katika kampuni tanzu. (Toleo jipya la kiwango hicho, lililotolewa 2025 na litakaloanza kutumika 2027, limesogea karibu na IFRS 3, kiwango kamili cha ununuzi wa biashara, katika mambo mawili ya kwanza, ila gudwili bado linaigawa.) Kundi lilikuwa chini ya IFRS 3, na huko sheria ni nyingine.

Maamuzi na sababu zake

*Je, ni biashara au rundo la mali?* Hili halikutuchukua muda. Tangu 2020 kampuni inaweza kwanza kupima kama karibu thamani yote imekaa katika mali moja. Hapa haikuwa hivyo. Kulikuwa na mitambo, wafanyakazi wenye ujuzi, utaratibu wa uzalishaji na wateja. Ni biashara.

*Tarehe.* Mkurugenzi wa kampuni iliyonunua alishikilia Aprili 1. "Mkataba wenyewe unasema faida ni yangu tangu siku hiyo," aliniambia. Hoja yake ilikuwa na uzito kibiashara, kwa kuwa bei ilikuwa imeshafungwa na faida ya miezi ile ingemwangukia yeye. Kiwango hakiulizi faida ni ya nani, kinauliza ni lini ulianza kuamua. Kati ya Aprili na Juni mnunuzi angeweza kuzuia mkopo, lakini hangeweza kubadili bei ya mtungi, kumwajiri dereva wala kuchagua mjumbe wa bodi. Haki ya kuzuia madhara ni kinga, na kinga peke yake haitoi udhibiti. Isitoshe, kibali kilikuwa hakijatoka. Tukaandika Julai 1. Faida ya miezi mitatu, 19 baada ya kodi, ikatoka kwenye mapato ya kundi na kuwa sehemu ya mali tulizozikuta tulipoingia. Mali halisi vitabuni siku hiyo zilikuwa 290.

*Gharama za ununuzi.* Tangu IFRS 3 iliporekebishwa mwaka 2008, ada za mawakili na washauri si sehemu ya bei. Wakili hakuuziwa kiwanda. Alitoa huduma na huduma imetumika. Milioni 21 zikaenda kwenye gharama za mwaka.

*Milioni 90 za mzee.* Hapa ndipo tulipokaa siku nyingi, na ndipo nami nilipokosea mwanzoni. Ukurasa wa malipo katika mkataba mkuu uliziita zote mbili, 60 na 90, "sehemu ya pili ya bei". Nilizisoma hivyo kwa wiki nzima. Kisha nikafungua kiambatisho cha tatu, mkataba wa ajira wa mzee, nikakuta kifungu cha mistari miwili: akiacha kazi kwa hiari yake kabla ya miezi 24 kwisha, zile 90 hazilipwi. Zile 60 hazikuwa na sharti hilo. Angelipwa hata akiwa amestaafu, mradi mauzo yafike.

Kifungu hicho kinabadilisha kila kitu. Bei ya kitu ulichokwisha kuuza haifutwi kwa sababu umeacha kazi mwezi wa 20. Malipo yanayopotea mtu akiondoka ni malipo ya yeye kubaki, na malipo ya kubaki ni ujira, hata kama mkataba umeyaita bei. IFRS 3 inasema hivyo wazi katika mwongozo wake wa matumizi, na mwaka 2013 kamati ya tafsiri ya viwango ilijibu swali hilihili kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo 90 zilitoka kwenye bei kabisa na kugawanywa kwa miezi 24, yaani 3.75 kila mwezi. Kwa miezi sita ya mwaka ule gharama ikawa 22.5.

Mkurugenzi aliumia. Alisema, "Lakini mzee mwenyewe anajua ni bei ya kiwanda chake." Nilimwelewa, na bado naamini wote wawili walikuwa wakweli. Katika mazungumzo yao mzee alitaka 670, mnunuzi aliogopa kubaki na mitambo bila mtu anayewajua wateja, wakakutana katikati kwa sharti la kubaki. Tatizo ni kwamba sharti lile lilikuwa na maana yake kihesabu, na hakuna aliyeisema mezani.

Zile 60 za mauzo zilibaki sehemu ya bei, ila kwa thamani ya haki, yaani thamani ya soko, ya Julai 1: tulipima uwezekano wa mauzo kufika, tukapunguza kwa muda wa kusubiri, tukapata 38. Bei kamili ikawa 520 na 38, yaani 558.

*Tulinunua nini hasa?* Rasimu ilichukua thamani za vitabuni kana kwamba vitabu vya muuzaji ndivyo sokoni. Mthamini alipopita, majengo yalipanda, mitambo ikashuka kwa sababu laini moja ilikuwa ya zamani kuliko umri wake vitabuni, na baadhi ya wadaiwa wakaonekana hawatalipa. Chupa zilizokuwa ghalani zimekwisha kujazwa ziliwekwa karibu na bei ya kuuzia, ikiondolewa gharama ya kuziuza.

Kubwa zaidi ni vile ambavyo vitabu vya mzee havikuwa navyo kabisa. Kampuni iliyojijengea jina lake yenyewe hairuhusiwi kuliweka kwenye mizania, lakini aliyelinunua anatakiwa kuliweka. Jina la maji yale tulilipima kwa kujiuliza: kama lingekuwa la mtu mwingine, kiwanda kingelipa ada kiasi gani kwa mwaka ili kulitumia? Tukapata 70. Mikataba na mahusiano na hoteli, shule na hospitali tulikadiria kwa faida inayotarajiwa kutoka kwa wateja waliokuwapo Julai 1 tu, tukihesabu kwamba kila mwaka baadhi yao wataondoka, na tukitoa malipo ya kutumia mitambo, jina na wafanyakazi katika kuipata faida hiyo. Tukapata 85. Wafanyakazi wenyewe, pamoja na ujuzi wao wote, hawaandikwi kama mali ya peke yake. Thamani yao inabaki ndani ya gudwili.

*Kesi ya vibarua.* Wakili aliona uwezekano wa kushindwa uko chini ya nusu, hivyo vitabu vya mzee havikuwa na chochote. Katika ununuzi wa biashara, wajibu uliokwishatokea na unaoweza kupimwa huandikwa hata kama uwezekano wa kulipa ni mdogo. Tuliandika deni la 12. Na kwa kuwa mzee aliahidi kufidia yote, tuliandika haki ya fidia ya 12 kwa kipimo kilekile.

*Kodi iliyoahirishwa.* Hakuna kipengele kilicholeta mkanganyiko kama hiki. Mnunuzi alinunua hisa, hakununua mtambo mmojammoja. Kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kiwanda ni kilekile, na makato ya kodi yanaendelea kwa thamani za zamani. Mahusiano ya wateja ya 85 hayatampunguzia kodi hata senti, ilhali faida inayotoka humo itatozwa asilimia 30. Kwa hiyo mwenye kuandika mali ya 85 ana kodi ya baadaye ya kuandika pia. Nyongeza zote baada ya mapunguzo zilikuwa 187, na asilimia 30 yake ni 56.1. Gudwili yenyewe haiandikiwi kodi hii: ukiiandikia, gudwili inapanda, kodi nayo inapanda, nawe unazunguka bila mwisho.

Picha ya Julai 1 ikawa hii:

| | Vitabuni | Thamani ya haki |
|---|---|---|
| Majengo | 90 | 150 |
| Mitambo | 160 | 135 |
| Bidhaa ghalani | 30 | 34 |
| Wadaiwa | 52 | 45 |
| Fedha | 18 | 18 |
| Jina la biashara | – | 70 |
| Mahusiano ya wateja | – | 85 |
| Haki ya fidia | – | 12 |
| Madeni | (60) | (60) |
| Kesi ya vibarua | – | (12) |
| Kodi iliyoahirishwa juu ya nyongeza | – | (56.1) |
| Jumla | 290 | 420.9 |

Asilimia 20 ya mzee tuliipima kwa sehemu yake ya mali hizo, 84.2. Gudwili ni 558, jumlisha 84.2, toa 420.9: karibu 221. Rasimu ilikuwa na 474.

Matokeo

Kugawa gudwili kulisitishwa, na hilo lilirudisha karibu 36 kwenye faida. Mengine yote yalikwenda upande wa pili. Ujira wa mzee 22.5, ada 21, mgawo wa nusu mwaka wa jina na mahusiano ya wateja 12, nyongeza ya thamani ya chupa zilizouzwa 4. Mauzo ya kiwanda yalikwenda vizuri, hivyo kufikia Desemba thamani ya zile 60 za masharti ilikuwa imepanda kutoka 38 hadi 43, na hiyo 5 nayo ni gharama ya mwaka. Hairudi kwenye gudwili, maana imetokana na mambo ya baada ya Julai 1. Ongeza karibu 27 za faida kabla ya kodi ya Aprili hadi Juni iliyotolewa. Faida kabla ya riba na kodi ikashuka kutoka 145 hadi takriban 90.

Benki ilikuwa na sharti kwamba faida hiyo iwe angalau mara 1.5 ya riba. Riba ya mwaka ilikuwa 64. Rasimu ilionyesha mara 2.3, hesabu sahihi zilionyesha 1.4. Sharti lilivunjwa Desemba 31. Benki ilikubali kusamehe na kutoa barua mwezi Machi, lakini msamaha unaokuja baada ya mwaka kufungwa hauokoi mizania ya mwaka huo. Mkopo wa 300 wa kununulia kiwanda ulionyeshwa wote kama deni la kulipwa ndani ya mwaka mmoja. Hesabu zilitiwa saini mwishoni mwa Aprili, bila wakaguzi kutoa shaka yoyote, lakini ukurasa ule ulisomwa na wasambazaji wawili wakubwa ambao baadaye waliuliza maswali magumu kuhusu mikopo ya bidhaa.

Kiwango kinampa mnunuzi hadi mwaka mmoja tangu siku ya ununuzi kukamilisha makadirio, na mwaka huo ulitupatia majaribio mawili.

Mwezi Februari hoteli moja kubwa ilihamia kwa mshindani. Meneja wa fedha alipendekeza tupunguze mahusiano ya wateja kuanzia Julai 1 na kuongeza gudwili. Nilikataa. Julai 1 hoteli ile ilikuwa mteja mzuri. Kuondoka kwake ni tukio jipya, hasara ya mwaka mpya. Mwezi Mei fundi alifungua kikompresa cha laini ya pili, akakuta ufa uliokuwa umeunganishwa kwa kuchomelewa na kupakwa rangi, na kumbukumbu za matengenezo zikaonyesha kazi hiyo ilifanywa kabla ya mauzo. Hiyo ni habari mpya kuhusu hali ya zamani. Mitambo ikapunguzwa kwa 9 kuanzia Julai 1, kodi iliyoahirishwa ikapungua 2.7, sehemu ya mzee ikapungua 1.26, gudwili ikapanda 5.04, na tarakimu za mwaka uliopita zikarekebishwa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote lilifanyika bila mhasibu kuliomba: usiku wa Juni 30 watu wa pande zote mbili walihesabu pamoja chupa, vifuniko na mitungi ghalani, wakatia saini karatasi moja. Mahali palipokuwa na ushahidi wa siku yenyewe hatukubishana. Ahadi ya fidia ya kesi ya vibarua nayo iliandikwa vizuri, bila kikomo cha kiasi wala muda mfupi. Ingekuwa na kikomo, haki ya fidia ingekuwa ndogo kuliko deni.

Lililoshindwa kwanza ni wakati wa kumwita mthamini. Aliajiriwa Februari kupima hali ya Julai. Mitambo aliweza, kwa kuwa ilikuwapo. Makadirio ya kupoteza wateja yalimpa shida, kwa sababu kila mtu aliyemhoji alikuwa tayari anajua nani ameondoka na nani amebaki, na kujua huko kunapenya ndani ya makadirio hata kwa mtu mwaminifu. Angeitwa Juni, namba ya 85 ningeitetea kwa moyo mweupe zaidi.

Kuna shinikizo jingine ambalo naliona katika kila kazi ya aina hii. Kwa sababu gudwili haigawanywi chini ya IFRS kamili, kila shilingi inayohamishwa kutoka kwenye wateja au jina kwenda kwenye gudwili inainua faida ya miaka ijayo. Pendekezo la hoteli ya Februari lilikuwa la aina hiyo, japo lililetwa kwa nia safi. Kinga ni kuuliza swali moja kila mara: jambo hili lilikuwa kweli Julai 1, au limekuwa kweli baadaye? Na gudwili isiyogawanywa hupimwa kila mwaka kama bado ina thamani. Ukiijaza isiyo yake, itakuja kushuka kwa kishindo.

Kuhusu sharti la benki, kosa lilifanyika miezi tisa kabla sijaitwa. Mkataba wa mkopo ulitaja "faida kabla ya riba na kodi" bila kuondoa ujira wa mzee, mgawo wa mali zisizoshikika (jina na mahusiano ya wateja) wala gharama za ununuzi. Siku mkopo unajadiliwa benki ingekubali kuondoa angalau ada za 21, maana ni za mara moja. Hizo peke yake zingeufikisha uwiano kwenye 1.7, na mkopo ungebaki mahali pake.

Baadaye mkurugenzi aliniuliza: wangeondoa tu kile kifungu cha mistari miwili, si 90 zingekuwa bei na faida ingesalimika? Zingekuwa bei, ndiyo, kwa thamani yake ya leo, na gudwili ingepanda. Lakini mzee angeweza kuondoka mwezi wa pili na bado kulipwa. Alifikiri kidogo, kisha akasema kifungu angekiacha palepale. Mzee alikuwa bado anakwenda mwenyewe kwa wasimamizi wa shule kila mwanzo wa muhula, na hakuna meneja mpya ambaye wangempokea namna ile.